Namna ya Kuchambua Leseni za Bidhaa za Ligi ya Michezo kwa Macho ya Sheria ya Ushindani

Mtu anayekabidhiwa mkataba wa leseni ya kofia au jezi za ligi nzima, kisha akaulizwa kama unavunja sheria ya ushindani, mara nyingi hukimbilia swali la mwisho, yaani kama mkataba huo ni halali au haramu, kabla hajajua ni nani hasa amekubaliana na nani. Mwongozo huu unapendekeza mpangilio mwingine wa maswali. Unafuata kwa karibu kesi ya kofia iliyofika Mahakama ya Juu ya Marekani, American Needle dhidi ya NFL, kwa kuwa ndiyo iliyolazimisha maswali haya yatenganishwe, na pia kwa kuwa husimuliwa vibaya: wengi husema kwamba kampuni ndogo ya kofia iliishinda ligi, ilhali ilichokipata mwaka 2010 ni ruhusa ya kuendelea na kesi tu.

Habari yenyewe ni fupi. NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, ina timu 32, kila moja ikiwa na mwenyewe, jina lake, rangi zake na nembo yake. Mwaka 1963 timu za wakati huo ziliunda chombo kimoja, NFL Properties, cha kusimamia alama zao za biashara, na kwa miaka mingi chombo hicho kilitoa leseni zisizo za kipekee kwa watengenezaji kadhaa, miongoni mwao American Needle ya jimbo la Illinois. Desemba 2000 timu zilipiga kura kukiruhusu kitoe leseni za kipekee, na baada ya hapo Reebok ikapewa kwa miaka 10 haki ya kutengeneza na kuuza kofia zenye nembo za timu zote, zikiwemo zile za chepeo ambazo vijana wa mjini huziita kapelo. Leseni ya American Needle haikuhuishwa, nayo ikaenda mahakamani.

Fungua mafundo kwanza

Chukua karatasi uchore wahusika wote, kisha uwaunganishe kwa mistari, kila mstari ukiwa makubaliano moja. Katika kesi ya kofia utapata angalau mistari mitatu: makubaliano ya timu na timu ya kuweka nembo zao katika kapu moja, uamuzi wa pamoja kwamba kapu hilo litafunguliwa kwa mtengenezaji mmoja tu, na leseni yenyewe kati ya chombo cha pamoja na Reebok. Ukifika kwenye maduka, unaweza kukuta mstari wa nne, ule wa mtengenezaji na wauzaji wa rejareja kuhusu bei. Kila mstari una sheria zake. Makubaliano ya timu na timu ni ya mlalo, kwa kuwa yanawafunga watu wanaoweza kushindana wenyewe kwa wenyewe. Leseni kwa mtengenezaji ni ya wima, kwa kuwa inamfunga mwenye nembo na mteja wake. Makosa mengi niliyoyaona katika uchambuzi wa aina hii yanatokana na kuyasukuma yote katika neno moja, "upekee", kana kwamba upekee wa klabu moja kwa mtengenezaji wake ni sawa na timu 32 kukubaliana kutouza nembo zao mmoja mmoja.

Baada ya mchoro, omba nyaraka. Unahitaji vyeti vya usajili wa alama za biashara ili kujua zimeandikishwa kwa jina la nani, hati ya kuunda chombo cha pamoja, kumbukumbu za kikao kilichopitisha upekee, leseni za zamani na mpya, na kanuni ya kugawana mapato. Usisahau kuuliza kama timu inaweza kujitoa na kama imewahi kujaribu. Swali hili linaonekana dogo, lakini katika kesi ya NFL lilikuwa na uzito: mahakama ilibainisha kwamba ingawa sehemu kubwa ya mapato ya chombo hicho iligawanywa sawasawa au kupelekwa kwenye hisani, nembo zilibaki mali ya timu moja moja, na kuna nyakati ambapo timu zilitaka kujitoa.

Ushahidi wa hilo ulikuwa umeonekana hadharani. Mwaka 1995 Jerry Jones, mwenye timu ya Dallas Cowboys, alifunga mikataba yake mwenyewe na Nike na Pepsi kupitia uwanja wake, na NFL Properties ikamshtaki ikidai dola milioni 300. Naye akajibu kwa kesi ya dola milioni 750. Pande hizo zilipatana mwaka uliofuata. Katika besiboli, New York Yankees walifunga na adidas mwaka 1997 mkataba wa miaka 10 wa takriban dola milioni 95, wakaishia kuwa na kesi dhidi ya ligi yao, nayo ikamalizwa kwa mapatano. Kwa mchambuzi, matukio kama haya yana thamani kuliko maoni ya mtaalamu yeyote, kwa sababu yanaonyesha kile ambacho timu ingefanya kama kapu la pamoja lisingekuwepo, na huko ndiko kuliko na kiini cha sheria ya ushindani.

Je, sheria inakuhusu?

Hapa usikae sana, lakini usipapite. Sheria ya Sherman ya Marekani ya mwaka 1890 ndiyo msingi: kifungu cha 1 kinakataza makubaliano yanayozuia biashara isivyo halali, na kifungu cha 2 kinamkataza mtu kuhodhi soko kwa njia zisizofaa. Besiboli ilipewa na Mahakama ya Juu kinga dhidi ya sheria hiyo mwaka 1922, kinga ambayo haikuenezwa kwa futiboli, kama mahakama hiyohiyo ilivyosema mwaka 1957 katika kesi ya Radovich. Sheria ya mwaka 1961 iliruhusu ligi kuuza haki za televisheni kwa pamoja, lakini haisemi lolote kuhusu kofia, vikombe wala fulana. Anayeitumia kutetea leseni za bidhaa anajenga juu ya mchanga. Hata kinga ya besiboli haikuzuia mahakama ya rufani ya New York kupima leseni za bidhaa za mchezo huo kwa Sheria ya Sherman, kama tutakavyoona katika kesi ya vidubu.

Je, waliotenda ni mmoja au ni wengi?

Hili ndilo swali ambalo kesi ya American Needle ililijibu, na inafaa ulielewe kabla ya kwenda mbele. Kifungu cha 1 kinahitaji makubaliano, na mtu hakubaliani na nafsi yake. Mwaka 1984, katika kesi ya Copperweld, Mahakama ya Juu ilisema kwamba kampuni mama na kampuni tanzu inayoimiliki kwa asilimia 100 haziwezi kula njama kwa maana ya kifungu hicho, kwa kuwa ni mwili mmoja wenye nia moja. NFL ikashika hoja hiyo: katika kutangaza mchezo wake, ikasema, ligi ni mtendaji mmoja, kwa hiyo leseni ya Reebok ni uamuzi wa nyumba moja. Mahakama ya rufani ya Chicago ilikubali mwaka 2008, kwa hoja kwamba timu moja haiwezi kucheza mechi peke yake.

Kilichofuata ni nadra. American Needle iliyoshindwa ilikwenda Mahakama ya Juu, lakini NFL iliyoshinda nayo iliiomba mahakama hiyo isikilize kesi, ikitumaini kupata tamko la nchi nzima ambalo lingeifunika na katika mambo mengine. Wahenga wetu walisema tamaa mbele, mauti nyuma. Tarehe 24 Mei 2010 majaji wote tisa, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji John Paul Stevens, waliikataa hoja ya ligi.

Kipimo walichokitoa ndicho utakachokitumia. Usiangalie umbo la kisheria, kama ni kampuni moja, ubia au chama. Angalia kama makubaliano yanaunganisha vituo vya maamuzi vilivyo huru, ambavyo bila hayo vingefuata maslahi yao wenyewe. Kwa mtengenezaji wa kofia, walisema, New Orleans Saints na Indianapolis Colts ni wauzaji wawili wa nembo wanaoweza kushindana. Kwamba timu zinahitajiana ili mechi ichezwe hakubadilishi jambo: nati na bolti hufanya kazi pamoja tu, lakini makubaliano ya watengenezaji wa nati na wa bolti hayatoki nje ya kifungu cha 1. Wala chombo cha pamoja hakiwi ngao, kwa sababu washindani hawawezi kuikwepa sheria kwa kupitisha makubaliano yao mkononi mwa wakala.

Kwa hiyo, unapochambua ligi nyingine, jiulize: nembo ni za nani? Hasara ya timu moja ni hasara ya zote, au kuna inayofurahi mwenzake anapokosa mteja? Ligi ambayo ofisi yake kuu inamiliki timu zote na nembo zote inaweza kupata jibu tofauti. Ligi inayogawana mapato ya kofia sawasawa haijapona kwa sababu hiyo pekee, maana kugawana faida ni jambo ambalo hata kundi la washindani waliopanga bei lingeweza kulifanya.

Ukiona waliotenda ni wengi, zuia kalamu isiandike kwamba wana hatia. Umethibitisha makubaliano tu.

Mizani gani itumike?

Yapo makubaliano ambayo mahakama huyahesabu haramu kwa asili yake, bila kupima madhara, kama vile washindani kupanga bei. Mengi ya ligi za michezo hayamo katika kundi hilo, kwa sababu bila ushirikiano fulani hakuna ligi. Hupimwa kwa kanuni ya mantiki, ambayo kwa ufupi huenda hivi: mdai aonyeshe madhara kwa ushindani katika soko linalotambulika, mdaiwa aonyeshe manufaa halali, kisha mdai ajaribu kuonyesha kwamba manufaa hayo yangepatikana kwa njia isiyobana kiasi hicho. Mahakama ya Juu iliurudia utaratibu huu mwaka 2021 katika kesi ya Alston kuhusu wanamichezo wa vyuo. Katika hukumu ya kofia, Jaji Stevens aliacha mlango wazi pande zote mbili: alisema kudumisha uwiano wa nguvu kati ya timu ni lengo halali, na kwamba wakati mwingine kanuni ya mantiki inaweza kutumika kwa kufumba na kufumbua, bila uchambuzi mrefu. Lakini aliongeza katika tanbihi jambo ambalo mawakili wa ligi hawapendi kulitaja, kwamba hata kama makubaliano ya ligi nzima ni ya lazima ili futiboli ichezwe, haifuati kwamba kuuza nembo kwa pamoja nako ni kwa lazima.

Soko: mahali kesi nyingi zinapofia

Tenga muda wako mwingi kwa hatua hii. Kuna masoko mawili, na wachambuzi huyachanganya. La kwanza ni soko la haki, ambamo timu au ligi huuza ruhusa ya kutumia nembo na watengenezaji hununua. La pili ni soko la bidhaa, ambamo shabiki hununua kofia. Madhara katika moja si lazima yawe madhara katika lingine, na mlalamikaji lazima aseme anazungumzia lipi.

Kipimo cha kawaida cha mipaka ni swali hili: kama mwuzaji mmoja angekuwa na bidhaa zote za kundi hilo, je, angeweza kupandisha bei kidogo lakini kwa kudumu, tuseme asilimia 5, bila wanunuzi kumkimbia kwa wingi kiasi cha kumfanya ajute? Kwa kofia, waulize wanunuzi wa aina mbili. Shabiki wa Colts pengine hatanunua kofia ya Saints hata apewe kwa nusu bei, na hapa wakili wa ligi atasema kwa furaha kwamba basi timu hazishindani. Jibu liko upande wa pili: duka kubwa lenye rafu moja, na mtengenezaji mwenye bajeti moja ya leseni, huchagua kati ya nembo, nao ndio wanunuzi wa soko la haki. Vilevile wapo wanunuzi wasio na timu, wanaotafuta kofia nzuri ya zawadi, ambao kwao nembo ya timu, ya chuo kikuu na ya kikaragosi cha katuni zinaweza kuwa mbadala.

Salvino, kampuni ya vidubu vya kuchezea, ilikwama hapo. Ilidai kwamba MLB Properties, chombo cha leseni cha timu za besiboli, kilikuwa njama ya kupandisha gharama za nembo. Mwaka 2008 mahakama ya rufani ya New York ilikataa kuyahesabu makubaliano hayo kuwa haramu kwa asili, ikataka yapimwe kwa kanuni ya mantiki, kisha ikaona kwamba Salvino haikuleta ushahidi wa kutosha kuhusu soko wala kuhusu madhara. Mdai aliyetegemea zaidi hoja ya kupanga bei alijikuta hana kitu mkononi hoja hiyo ilipoanguka. Jaji Sonia Sotomayor, ambaye mwaka uliofuata aliingia Mahakama ya Juu, alikubali matokeo lakini si njia. Kwake swali lilikuwa kama upekee na mgawanyo wa mapato vilikuwa vizuizi saidizi, yaani vinavyohitajika kwa kiasi cha kuridhisha ili ubia halali ufanye kazi. Mimi naona njia yake ndiyo bora kwa mchambuzi, kwa sababu inamlazimisha mwenye ligi aeleze kila fundo linasaidia nini.

Kuzipima sababu za ligi

Ligi hutoa sababu zinazojirudia: dirisha moja la leseni hupunguza gharama kwa mtengenezaji anayetaka nembo zote, ubora husimamiwa, timu ndogo haiachwi nyuma, mtengenezaji mmoja mwenye uhakika wa miaka 10 huwekeza katika ubunifu na matangazo bila hofu ya wengine kudandia jasho lake. Zote zinaweza kuwa za kweli. Ziulize moja moja zinathibitisha mstari upi katika mchoro wako. Dirisha moja linatetea kapu la pamoja, lakini halielezi kwa nini timu ikatazwe kuuza pia nje ya dirisha hilo. Ubora unaweza kusimamiwa kwa viwango vya leseni, kama ulivyosimamiwa wakati watengenezaji walipokuwa wengi. Kuinua timu ndogo kunaweza kufanywa kwa kugawana mapato bila kufungia nembo kwa kampuni moja. Hoja ya uwekezaji ndiyo nzito zaidi kwa upekee, nayo ipime kwa takwimu: linganisha bei za jumla, idadi ya kofia zilizouzwa na aina za mitindo kabla na baada ya mkataba.

Usipuuze pia ushindani wa kuugombea mkataba wenyewe. Mwaka 1981 mahakama ya rufani ya Philadelphia ilitengua ushindi wa kampuni ya Fleer dhidi ya mshindani wake Topps na chama cha wachezaji wa besiboli kuhusu kadi za picha za wachezaji, kwa sababu, pamoja na mengine, Fleer haikuzuiwa kuwafuata wachezaji chipukizi mmoja mmoja na kuwasainisha kabla hawajafika ligi kuu. Swali hilohilo limerudi kwa ukubwa mwingine: Agosti 2023 kampuni ya kadi ya Panini iliishtaki kampuni ya Fanatics, ambayo ilikuwa imekusanya haki za kipekee za kadi za ligi na vyama vya wachezaji vya michezo kadhaa na kuinunua Topps. Katika mashauri ya aina hii tazama urefu wa mikataba na kama inamalizika kwa wakati mmoja. Mikataba mirefu inayopishana hufanya zabuni ya mshindani kuwa jina tu.

Nani anaweza kudai

Mlalamikaji lazima aonyeshe kwamba aliumia kwa sababu ushindani uliumia. Kupoteza leseni kwa mwenzako aliyetoa ofa bora si jeraha la sheria hii. Shabiki aliyelipa ghali dukani ana kikwazo kingine: tangu kesi ya Illinois Brick ya mwaka 1977, mnunuzi asiyenunua moja kwa moja kwa aliyekula njama hawezi, kwa kawaida, kudai fidia kwa sheria ya shirikisho, ingawa sheria za majimbo mengi humruhusu. Muda wa kufungua kesi ni miaka minne, na fidia huzidishwa mara tatu.

Uingereza mkazo umekuwa kwenye mstari wa nne, ule wa madukani. Mwaka 2003 mamlaka ya ushindani ya huko iliwatoza faini wahusika 10, wakiwemo JJB Sports, Umbro, Manchester United na chama cha soka chenyewe, jumla ya pauni milioni 18.6, kwa kupanga bei za jezi. Kinyume chake, mwaka 2024 kampuni ya maduka ya Sports Direct iliposhindwa kupata jezi za Newcastle United, ambazo klabu ilikuwa imezielekeza kwa mshindani wake JD Sports, ilinyimwa amri ya muda na baraza la rufani za ushindani, na rufaa yake ikakataliwa. Klabu moja inayomchagua muuzaji wake haikutazamwa kama wauzaji wanaopatana bei.

Msomaji wa Dar es Salaam ataona tofauti kwa urahisi: Simba na Yanga kila moja huingia mkataba na mzabuni wake wa jezi, kwa hiyo mstari wa klabu na klabu haupo. Iwapo siku moja klabu za ligi zitaamua kuuza nembo zao kupitia bodi moja kwa mzabuni mmoja, mchoro utakuwa ule wa NFL, na maswali yataulizwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003: kifungu cha 8 kuhusu makubaliano yanayodhoofisha ushindani, cha 9 kuhusu washindani kupanga bei au kususia kwa pamoja, na cha 10 kuhusu kutumia vibaya nguvu ya soko.

Unapoandika maoni yako, usiinukuu American Needle kana kwamba ilisema leseni ya Reebok ilikuwa haramu. Kesi ilirudishwa chini. Mwaka 2014 mahakama ya wilaya ilikataa kuimaliza bila kusikiliza ushahidi, na mwaka 2015 pande zilipatana. Wakati huo leseni ya Reebok ilikuwa imekwisha, Nike ikiwa imechukua jezi na New Era kofia tangu mwaka 2012, na hakuna jaji aliyewahi kuiweka mizani yote mezani na kusoma kipimo.